Gauni la Mama na Neno la Mwalimu Edgar

Vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo vina harufu yao, na kakao inayokauka juani ina yake, chachu kidogo kama togwa iliyokaa siku mbili. Harufu hizo mbili zikichanganyika, mimi si mtu mzima tena. Nakuwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama kando ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, na mdomo wangu uko wazi.

Masika haya maji ya mto yalipanda hadi yakaingia nyumbani kwa mama, huko Mwaya, Kyela, yakafika usawa wa goti. Yalipotoka yaliacha tope laini chini ya kila kitanda. Nikashuka kutoka Mbeya, ninakofundisha, kwenda kumsaidia kuosha na kuanika. Kamba zote zilikwisha kujaa mablanketi, kwa hiyo vitu vya kwenye sanduku la bati tukavitandaza juu ya kichanja cha kakao, pembeni mwa punje zilizokuwa zikikauka. Tulitoa kitenge baada ya kitenge, shuka la harusi yake, picha za baba zilizoshikana, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo matatu, lile gauni. Halikuingiwa na maji hata tone.

Mama alilitikisa, akalilaza juani. Lilikuwa la satini, la kijani cha jani la mgomba, mikono ya puto ya rangi ya chungwa, lasi ya dhahabu shingoni, na kifuani vidude vinavyometa vilivyoshonwa kwa umbo la ua. Kuku wawili walisogea kulitazama.

"Lugano," mama akaniita, "hili bado ni gaudi?"

"Gaudi kabisa, mama," nikajibu, kama nilivyomjibu miaka yote.

Sasa nawaambia ninyi jambo ambalo hata mume wangu sijapata kumwambia. Neno hilo ni la Kiingereza, nalo si sifa. Mimi ndiye niliyemwambia mama kuwa ni sifa. Na anayestahili kulaumiwa kabla yangu ni mtu mmoja niliyempenda kuliko mwalimu mwingine yeyote aliyewahi kunifundisha.

Mwalimu Edgar aliletwa shuleni kwetu kutoka Tanga nilipokuwa darasa la sita. Alikuwa kijana mwembamba, mashati yake yamenyooshwa kwa pasi ya mkaa hadi mikunjo ya mikono ilisimama, naye alinukia sabuni ya limau hata saa nane mchana. Shule nzima alikuwa yeye peke yake anayeweza kufundisha Kiingereza bila kuchungulia kitabu cha majibu. Alipanga chumba karibu na kwetu, akapata baiskeli, lakini jioni tukitoka shule hakuipanda. Aliikokota, ili tuzungumze njiani. Mimi nilikuwa wa kwanza katika somo lake, na kwa sababu hiyo nilijiona nina haki ya kutembea upande wa kulia wa baiskeli ile, karibu na kengele.

Siku moja alimkuta mama akipepeta mchele uani. Alisimama muda mrefu akitazama ungo unavyorushwa, makapi yanavyoruka, chenga zinavyojikusanya upande mmoja na punje nzima upande mwingine. Mama alidhani mwalimu ana njaa, akamtuma mdogo wangu kumletea ndizi. Kumbe mwalimu alikuwa na wazo. Kesho yake njiani akaniambia kwamba kamusi yangu ndogo ya shule inanidanganya. Ukitafuta humo maneno ya Kiingereza ya kusifia vitu vikubwa na vya kung'aa, kila moja utaambiwa ni "-a fahari" au "-zuri sana", kama vile yote ni mchele wa gunia moja. Tutayapepeta, akasema.

Ndivyo mchezo wetu ulivyoanza. Kila tukipita mahali, mwalimu aliinua unyusi wa kushoto kuelekea kitu fulani, nami nilipaswa kutafuta neno lake. Meli inapoingia bandari ya Itungi ilikuwa "grand", kwa sababu ni kubwa, ina heshima yake, na haimwombi mtu aitazame. Milima ya Livingstone, siku mvua imeosha hewa na mabonde yake yanahesabika kutoka huku ng'ambo ya ziwa, ilikuwa "magnificent", neno la kutumiwa mara chache, alisema, maana ukilizoea linachuja. Mpunga ulioiva, wiki ile ya mwisho kabla ya mundu, ulikuwa "splendid". Maua mekundu ya mbele ya zahanati yalikuwa "showy", na hilo halikuwa tusi wala sifa, ni ua tu linalotaka kuonekana na nyuki. Baiskeli ya abiria ya kijana mmoja wa Bujonde, yenye vioo vitatu, nyuzi za rangi kwenye usukani na redio isiyo na betri, ilikuwa "flashy". Nyumba ya nguzo sita ya mnunuzi wa kakao, iliyokuwa na nguzo kabla ya kuwa na choo, ilikuwa "ostentatious". Hilo ni la mtu anayetaka ujue kitu kimemgharimu kiasi gani. "Pompous" lilikuwa la watu, si la vitu, nalo tulilihifadhi kwa mtendaji mmoja aliyekuwa akikohoa kabla ya kusalimia.

Nikipatia, tulicheka. Mwalimu alitupa kichwa nyuma, nami nilicheka hadi mkoba ukaniteleza begani. Niliishi kwa kicheko kile. Nyumbani kwetu baba alikuwa mashamba ya chai huko Tukuyu, anarudi mwisho wa mwezi, na mama alikuwa na kazi tangu jogoo la kwanza. Mtu mzima wa kucheka na mimi alikuwa mmoja tu.

"Gaudy" alinipa mwisho. Tulikuwa tumesimama mbele ya duka la mama mmoja aliyekuwa amepamba kaunta yake kwa maua ya plastiki ya rangi saba, taa za Krismasi katikati ya mwezi wa tatu, na picha ya simba ya kung'aa iliyokuwa ikibadilika ukisogea. Mwenyewe alikuwa amekaa katikati ya vyote hivyo, ametulia, anafuta vumbi kwa upendo. Mwalimu hakucheka. Alisubiri tupite, ndipo akanieleza kwa sauti ya chini.

"Hili ni gumu kidogo," alisema. "Yule wa nguzo sita anajua anachofanya. Huyu hajui. Rangi zinagombana, watu wanamcheka, yeye anaona amependeza. Ukimkuta mwenye kitu anajua anavyoonekana, usitumie neno hili. Tafuta jingine."

Nikaandika kwenye daftari langu, mstari mzima, nikapigia mstari neno hajui kwa kalamu nyekundu. Nilijiona nimepewa siri ya wakubwa. Kwamba tulikuwa tunawapepeta majirani zetu, watu waliokuwa wakimletea mwalimu ndizi na dagaa wa usipa bila kuombwa, halikunijia akilini. Nilikuwa upande wa wanaopepeta, na upande huo ulinifaa.

Mwaka uliofuata, darasa la saba, shule ilitangaza siku ya wazazi, mwishoni mwa mwezi wa sita, mpunga ukiwa umeingia ndani. Mgeni rasmi angetoka wilayani. Mimi nilichaguliwa kusoma maelezo ya shule kwa Kiingereza, na kwa kuwa mtoto wake anasoma mbele ya wageni, mama akachaguliwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wazazi. Mama yangu hajawahi kushika kipaza sauti maishani mwake. Alipoletewa habari hiyo alikaa kwenye kizingiti, akajifuta mikono kwenye kanga, akajifuta tena.

Alikuwa na mikakao yake kumi na minne nyuma ya nyumba, aliyopanda mwenyewe. Fedha ya mavuno yale hakununulia bati, ingawa jiko lilivuja. Alikwenda Kasumulu mpakani akanunua satini, akaipeleka kwa fundi wa Bondeni, Kyela mjini, na fundi akamwuliza mara mbili kama ana hakika na mikono ya rangi ya chungwa. Mama alikuwa na hakika. Jioni moja alilivaa chumbani, akanifungulia mlango. Chumba kilikuwa na giza la mvua na yeye akawa amekijaza.

"Nimekutia aibu?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Umependeza."

Na nilimaanisha. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu linafuata jambo baya. Siku ile chumbani nilimwona mama yangu mzuri kuliko mwanamke yeyote wa Mwaya.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Wageni walikaa chini ya turubai, meza ina kitambaa cheupe na chupa za maji. Mwalimu Edgar alikaa karibu na mgeni rasmi kwa sababu ya Kiingereza chake, nami nikasimama kando yake na karatasi yangu, tayari kuitwa. Wazazi walikuwa wameketi kwenye nyasi. Mama alichelewa, maana kilemba kilimsumbua. Akaja akikata uwanja katikati, peke yake, mita mia nzima, jua likimpiga kifuani na vile vidude vikirusha nuru hadi kwenye paa la ofisi. Alitembea taratibu, akijaribu asikanyage pindo. Watu wakageuka kumtazama.

Alipofika karibu na turubai, kama hatua tano, Mwalimu Edgar alimwinamia mgeni rasmi akasema kwa Kiingereza kwamba hiyo sasa ndiyo inaitwa "gaudy". Hakunong'ona. Aliona hakuna haja, maana nani pale angeelewa? Mgeni rasmi akacheka, na afisa aliyekuwa naye akacheka. Mwalimu akageuka kunitazama mimi, akainua unyusi wa kushoto.

Nami nikacheka.

Nimejaribu kuisimulia sehemu hii kwa namna nyingi. Nimejiambia kwamba ilikuwa mazoea, kwamba unyusi ule ukiinuka mdomo wangu ulifunguka wenyewe, kwamba nilicheka kwa sababu nilielewa neno kabla sijaelewa linamwangukia nani. Yote hayo ni kweli. Lakini nilicheka, kwa sauti, na nilipofumba mdomo mama alikuwa amesimama mbele yangu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kilichonichoma si mgeni rasmi, mtu wa kuja na kuondoka. Ni kwamba mwalimu alimchukua mama yangu, aliyemlisha mwaka mzima na nusu, akamweka kwenye mchezo wetu kama ua la plastiki. Na alinitazama mimi akitegemea nitafurahi. Basi hivyo ndivyo alivyokuwa akituona siku zote, nikawaza. Kila alipokula ndizi kwetu, alikuwa na neno hilo mfukoni.

Mama alipiga goti nusu, kama wanawake wa kwetu wanavyosalimia watu wa heshima, akawapa wageni mkono mmoja mmoja. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu amesemaje, mwanangu?"

Meza nzima ilinitazama. Mwalimu aliacha kutabasamu.

"Amesema umependeza," nikasema. "Amesema gauni lako limeshinda yote."

"Kizungu chake ni nini?"

"Gaudy."

"Gaudi," akarudia, akilionja. Akampigia mwalimu goti tena, akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, Mwalimu."

Alipopewa kipaza sauti alikishika kwa mikono miwili. Aliwashukuru walimu, akawashukuru wageni kwa kuacha shughuli zao, sauti ikamtetemeka kisha ikakaa sawa. Halafu akasema, mbele ya kata nzima: "Na namshukuru Mwalimu Edgar, maana hata nguo yangu leo ameipa jina la Kizungu. Amesema ni gaudi. Sisi wengine hatukusoma, ila tunashukuru tukipewa jina." Wazazi kwenye nyasi walipiga makofi na vigelegele. Chini ya turubai afisa alijifanya anakohoa. Mwalimu Edgar alikuwa akitazama viatu vyake. Mimi niliitwa baada ya hapo, nikasoma karatasi yangu yote bila kosa, na sikumbuki hata sentensi moja.

Kwetu, mtu akikusifu mbele ya watu, humwachi hivi hivi. Unamrudishia kwa chakula, naye anapokea, na sifa inakaa. Jumamosi ile mama alitwanga mpunga mpya mwenyewe, akakataa kuupeleka mashineni. Aliupepeta mara tatu hadi haikubaki chenga hata moja. Akajaza kikapu, akafunga mtetea miguu, akanitwika mkungu wa ndizi, tukaenda kwa mwalimu. Njia nzima nilijiambia kwamba nitasema. Nilijiambia tukifika kwenye daraja nitasema, tukafika, nikajiambia tukifika kwenye kisima.  Kumwambia mama maana ya lile neno kulikuwa ni kumwambia pia kwamba nilicheka, na bora nife.

Mwalimu alitufungulia mlango akiwa na fulana ya ndani. Mama alipiga magoti kabisa, yote mawili, kwenye vumbi la mlangoni pake, akaweka kikapu mbele yake.

"Nimeleta shukrani, Mwalimu. Kwa yale maneno mazuri."

Nilimtazama mwalimu. Nilikuwa namsihi kwa macho. Nilitaka akatae tu, aseme kwamba hastahili, hata aseme ana mchele wa kutosha, nami ningemsamehe nusu. Akainama, akakipokea kikapu kwa mikono miwili, akasema asante sana, mama, umejisumbua. Tulipokuwa tunaondoka aliniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba mambo haya yabaki kati yetu wawili, kama maneno yetu mengine. Jioni ile nilipita nje ya dirisha lake nikasikia harufu ya mchele wetu ukiiva. Mnaoujua mchele wa Kyela mnajua kwamba harufu yake haifichiki. 

Niliendelea kutembea naye jioni. Ningefanya nini? Mtihani ulikuwa mwezi wa tisa na mwalimu wa Kiingereza alikuwa mmoja. Ila nilihamia upande wa kushoto wa baiskeli, na unyusi ulipoinuka nilimpa neno sahihi bila kucheka, hadi naye akachoka kuuinua. Nilifaulu. Mwaka uliofuata yeye alihamishwa, na mama akaenda kumuaga stendi na mimi nikasema naumwa kichwa.

Lakini neno lilibaki. Mama hakuliacha. Siku ya kipaimara changu alilivaa lile gauni, akanivuta pembeni kanisani: "Lugano, si gaudi hili?" Nikasema gaudi kabisa. Nilipomaliza kidato cha nne alinunua mapazia ya zambarau yenye nyota, akaniuliza tena. Shangazi zangu nao wakalidaka. Fundi wa Bondeni akaanza kupata wateja wanaotaka "lile la gaudi kama la Mama Lugano", na mpaka leo kuna wanawake Bujonde wanaozungumza habari za kigaudi wakijua ni mtindo. Kwenye harusi yangu mama mkwe, mtu wa Iringa, alimsifia kilemba, na mama akamjibu kwa kiburi kizuri kwamba ni gaudi. Kisha akanitazama mimi, bibi harusi, ili nithibitishe.

"Gaudi kabisa, mama."

Kila mara niliumia kama mara ya kwanza, na kila mara nilijipongeza kidogo. Niliona namlinda. Yule mwalimu alimvisha mama kilemba cha ukoka mbele ya watu, nami maisha yangu yote nimekishikilia kisimwanguke. Nikawa mwalimu wa Kiingereza mwenyewe. Tukifika kwenye somo la maneno yale, nawapepetea wanafunzi wangu moja baada ya jingine, kwa meli na milima na baiskeli, ila hilo moja naliruka. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Sasa turudi uani, kwenye kichanja, masika haya.

Mama alikuwa akigeuza kakao kwa viganja. Nilikuwa nimekwisha kumjibu, nimeinamia sanduku, nikidhani limekwisha.

"Na maana yake ni nini?" akauliza.

"Maana ya nini?"

"Hilo neno unaloniitikia."

"Ni... ni kama kusema kitu kimependeza sana, mama."

Aliacha kugeuza. Mama sasa ana miaka sabini na kitu, na jicho moja lina mtoto wa jicho, lakini lile jingine linatosha.

"Nimekuuliza siku ya kipaimara," akasema. "Nimekuuliza umemaliza shule. Nimekuuliza siku ya harusi yako, mbele ya mkweo. Ulifikiri nimesahau jibu?"

Nikakaa chini, kwenye tope.

"Ulijua?"

"Lugano, mtu anayesifiwa hachekwi vile. Na wale wageni sikuwa nawatazama. Wale nawajulia wapi? Nilikuwa nakutazama wewe, nione kama nimependeza."

Nililia. Si kilio cha mtu mzima. Alinisubiri nimalize, akiokota punje zilizooza na kuzitupia kuku. Kisha nikamwuliza kwa nini basi, kwa nini alipiga magoti kwenye vumbi la mtu yule, kwa nini alitwanga kwa mikono yake.

"Mtihani ulikuwa mwezi wa tisa," alisema. "Na mwalimu alikuwa huyo huyo. Ningemtukana, angekufundisha nani?" Akatikisa kichwa. "Yeye nilimmaliza siku ile ile, kwenye kipaza sauti. Hukumwona anavyotazama viatu? Wewe ndiye nilikuwa nakungoja. Nikasema atakua, ataniambia. Nikawa nakupa nafasi. Kila mara, nakupa nafasi."

Nitasema kweli, maana nimefika mwisho na hakuna faida ya kuficha. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hasira. Nilihisi mama amenisaliti. Miaka yote ile ameniacha nibebe mzigo ambao yeye mwenyewe alikuwa anaujua uzito wake, akinichoma kwa neno lile harusi baada ya harusi, akiwa ametulia kabisa. Hasira hiyo ilikaa kama muda wa kuvuta pumzi mbili. Halafu nikakumbuka nani alicheka.

"Haya," akasema. "Leo niambie. Lote."

Nikamwambia. Nilimpepetea kama nilivyofundishwa, tangu meli ya Itungi. Nikamweleza la milima, la mpunga, la nguzo sita, akacheka kidogo kwa la mtendaji. Tulipofika kwenye lake nikamwambia bila kupunguza: rangi zinazogombana, mng'ao uliozidi, kitu ambacho watu wanakicheka na mwenyewe anaona amependeza. Mwenyewe hajui.

"Hajui?"

"Hajui, mama. Mwalimu alisema ni lazima asijue. Akijua, si neno lake."

Alifikiri. Alichukua pindo la satini, akalisugua katikati ya vidole vyake vyenye utomvu wa kakao.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi halikuwa langu." Akaanza kulikunja gauni, mkono kwa mkono, lasi ndani. "Lilikuwa la nani?"

Alinikabidhi gauni nilishike, akarudi kwenye kakao yake. Nilibaki nimelipakata, la moto kwa jua, likinukia vidonge vya nondo. Nilijiona nilivyosimama mbele yake kanisani, kisha kwenye mapazia ya zambarau, kisha na shada la harusi mkononi, na ule uongo wangu nilioupamba nikiona unanipendeza, naye akinitazama, akijua; asiyejua nilikuwa mimi.